Maalim Anaposahau: Somo la Kulinda Kumbukumbu Ujanani na Uzeeni

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemuumba mwanadamu akampa moyo wa kufahamu na ulimi wa kubainisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.



Somo hili nilikusudia kuliandika kwa ajili ya wenzetu wanaohifadhi Qur-an na wanaojiandaa na mitihani: namna ya kuhifadhi na kutosahau. Nilikwisha kukusanya aya na hadithi zake. Kisha likizo ikafika, nikarudi nyumbani Nakivale, na huko nikaona jambo lililonifanya nilianze somo upya.

YALIYONIKUTA NAKIVALE

Kwa msioijua, Nakivale ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, pembeni mwa ziwa lenye jina hilohilo. Yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia nchi yao, na leo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa Afrika. Wamo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine. Sisi tuliotoka Kongo na Burundi, Kiswahili ndicho lugha yetu ya sokoni, ya kisimani na ya madrasa.

Maalim aliyenisomesha Qur-an ni mzee kutoka Kivu. Yeye alisomeshwa na wazee wa Kasongo, kule Maniema, mji ulioingiliwa na Uislamu karne ya 19 kwa njia ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu waliotoka pwani. Alipokimbia vita hakubeba kitabu hata kimoja. Alichobeba kilikuwa kifuani. Madrasa yetu ilipoanza, watoto kumi na wawili tulikuwa na msahafu mmoja. Yaliyobaki tuliyachukua kutoka kinywani mwake, aya kwa aya, tumekaa juu ya turubai. Kila herufi ninayoisoma leo ina sauti yake ndani.

Usiku wa pili wa likizo nilikwenda kuswali Isha nyuma yake. Katika rakaa ya kwanza, baada ya Al-Fatiha, akaanza Suratul Mursalat. Mnaijua sura hiyo: aya 50, na ndani yake kuna aya moja inayorudi mara kumi. Ukiteleza pale, unaweza kujikuta umerudi ulikotoka. Maalim akateleza. Akafika kwenye ile aya inayorudi, akaanza tena mahali alipokwisha kupita. Akaifikia tena, akarudi tena. Mara tatu. Safu nzima ilikuwa kimya. Mimi nilikuwa safu ya kwanza, karibu kabisa na nyuma yake, na aya iliyofuata nilikuwa nayo ulimini. Sikuisema. Niliona haya kumsahihisha mtu aliyenifundisha alifu.

Aliyemfungulia alikuwa mtoto wa miaka kama kumi, kutoka safu ya nyuma. Maalim akaipokea, akaendelea, swala ikaisha. Baada ya salamu akageuka, akauliza, "Nani amenifungulia?" Mtoto akainua mkono kwa woga. "Mungu akuzidishie, baba," akamwambia. Kisha akanitazama mimi. "Na wewe, mwanangu, hukuwa unaijua?"

Sikuwa na jibu.

Nje ya msikiti nikasikia mengine. Mmoja alisema mzee amerogwa. Mwingine akasema Qur-an haimtoki mtu ila kwa dhambi, basi tujiulize mzee huyu amefanya nini. Binti yake alikuwa anapita na ndoo ya maji, na nina hakika aliyasikia.

Basi somo letu lina maswali matatu. Je, kusahau ni aibu au dhambi? Sisi vijana tufanye nini tuilinde kumbukumbu kabla ya uzee? Na mzee wetu akianza kusahau, tunapaswa kumfanyia nini?

KUSAHAU KATIKA QUR-AN NA SUNNA

Tuanze na baba yetu. Katika Surat Taha, aya ya 115, Mwenyezi Mungu anatueleza kuwa Nabii Adam (A.S.) alichukua ahadi akasahau. Katika Suratul Kahf, aya ya 63, yule kijana aliyefuatana na Nabii Musa (A.S.) alisahau habari ya samaki, nao walikuwa safarini kutafuta elimu. Na Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alitoa salamu baada ya rakaa mbili katika swala ya rakaa nne. Dhul-Yadayn akamuuliza kama swala imepunguzwa au amesahau. Mtume (S.A.W.) hakumkemea. Aliwauliza wengine, akakamilisha swala yake, akasujudu sijda ya kusahau. Na katika hadithi nyingine ya Bukhari na Muslim aliwaeleza masahaba kuwa yeye ni mwanadamu, husahau kama wanavyosahau wao, na akawataka wamkumbushe akisahau.

Sheria yetu imeijua hali hii tangu mwanzo. Aliyesahau swala ataiswali anapokumbuka. Aliyekula kwa kusahau naye amefunga, aendelee na funga yake. Na ile aya ndefu kuliko zote katika Qur-an, Suratul Baqara aya ya 282, inahusu nini? Inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi, ili mmoja akikosea mwingine amkumbushe. Mola wetu hakutuachia kutegemea kichwa peke yake. Ametupa kalamu na ametupa watu.

Sasa rudini kwenye lile swali la Maalim. Abu Daud amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) aliswali, kisomo kikamchanganya. Alipomaliza akamuuliza Ubayy bin Ka'b kama alikuwa pamoja nao katika swala. Ubayy akajibu ndiyo. Akamuuliza, basi nini kilikuzuia? Yaani kilikuzuia kunifungulia. Hadithi hii nilikuwa nimeisoma darasani na nimeijibia katika mtihani. Usiku ule ndipo nilipoielewa. Kumnyamazia imamu aliyekwama hakumhifadhii heshima yake. Kumfungulia ndiko kumheshimu.

KUZEEKA

Ama kusahau kwa uzeeni, Qur-an imekutaja wazi. Katika Suratun Nahl aya ya 70 na Suratul Hajj aya ya 5, Mwenyezi Mungu anasema kuwa miongoni mwetu wapo wanaorudishwa kwenye umri dhaifu kabisa, hata wasijue kitu baada ya kuwa walikijua. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiomba kinga kutokana na umri huo, kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.). Na katika hadithi ya Usama bin Sharik, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, alihimiza watu wajitibu, kwa kuwa kila ugonjwa umewekewa dawa isipokuwa mmoja: uzee.

Tuzingatie mambo mawili hapo. Uzee wenyewe hauna dawa, basi asitokee mtu kumuuzia Maalim chupa ya kumrudishia ujana. Lakini si kila kinachompata mzee ni uzee. Kingine ni ugonjwa, na ugonjwa tumeamrishwa kuutibu. Tutarudi hapo.

WANAZUONI WA HADITHI NA WAZEE WAO

Katika elimu ya hadithi tunasoma neno ikhtilat. Maana yake ni mpokezi mwaminifu kuchanganyikiwa kumbukumbu, mara nyingi mwishoni mwa umri. Ibn Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria (1245), ametenga mlango maalumu katika kitabu chake kwa wapokezi wa namna hii. Tafadhalini tazameni wanazuoni walivyowatendea.

Chukua mfano wa Ata bin Saib wa Kufa. Alikuwa mtu mwema na msomaji wa Qur-an, kisha kumbukumbu yake ikabadilika uzeeni. Wanazuoni hawakumtupa. Walichunguza nani alisikia kwake zamani na nani alisikia baadaye. Shu'ba na Sufyan Thawri walisikia kabla ya kubadilika, hadithi zao kutoka kwake zikakubaliwa. Waliosikia baadaye wakawekewa tahadhari. Hawakusema amelaaniwa wala amerogwa. Walisema tu: alikuwa thiqa, kisha akachanganyikiwa mwishoni.

Mfano mzuri zaidi ni Jarir bin Hazim wa Basra, aliyefariki mwaka 170 Hijria. Abdur-Rahman bin Mahdi ameeleza kuwa Jarir alipoanza kuchanganyikiwa, watoto wake, nao walikuwa watu wa hadithi, walilihisi mapema wakamzuilia watu. Kwa hiyo hakuna aliyesikia kwake hadithi katika hali ile, na jina lake likabaki safi mpaka leo. Watoto hawa walilinda vitu viwili kwa mara moja: dini ya watu, isiingiwe na makosa, na heshima ya baba yao, asije akachekwa.

Darasani habari hii ni mstari mmoja katika maelezo ya mpokezi. Nakivale niliiona kuwa ni mwongozo wa nyumbani.

JE, KUSAHAU NI ALAMA YA DHAMBI?

Wengi wetu tunajua kisa cha Imam Shafi'i kumlalamikia mwalimu wake Waki' juu ya udhaifu wa kuhifadhi, naye akamuelekeza kuacha maasi. Mafundisho yake ni mazuri, na kila mmoja wetu anayajua kwa nafsi yake: ukikesha na yasiyofaa, somo halikai. Lakini mafundisho hayo ni ya mtu kujipima mwenyewe. Hayakuwekwa ili tuwapimie wazee wa watu.

Pia ipo hadithi maarufu inayotishia aliyehifadhi Qur-an kisha akaisahau. Tirmidhi, ambaye ni miongoni mwa walioipokea, ameieleza kuwa ni gharib, na wanazuoni wengi wamedhoofisha isnadi yake. Waliolijadili jambo hili wametofautisha aliyeiacha Qur-an kwa kuipuuza na aliyetokwa nayo kwa maradhi au uzee. Wa pili hana lawama.

Wengine watasema, lakini Ikrima amepokewa akisema kuwa msomaji wa Qur-an harudishwi kwenye ule umri dhaifu. Mbona Maalim amerudishwa? Kauli hii imo katika vitabu vya tafsiri, na ni bishara ya kutumainia. Haifai kugeuzwa kuwa hukumu juu ya mja. Ata bin Saib alikuwa msomaji wa Qur-an na bado yalimpata.

Anayetaka faraja ya Maalim ataipata katika hadithi ya Abu Musa (R.A.), aliyoipokea Bukhari: mja akiugua au akisafiri, huandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na mkaazi. Miaka yote ile ya kutufundisha juu ya turubai haifutwi na Mursalat moja. Kalamu inaendelea kumuandikia. Ama akifika mahali pa kupoteza akili kabisa, hapo huingia katika wale ambao kalamu ya makosa imeinuliwa juu yao.

MADAKTARI WANASEMAJE?

Niliporudi Mbarara nilimfuata rafiki yangu anayesoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Alinifungua macho kwa mambo kadhaa.

La kwanza, kusahau kidogo uzeeni ni kawaida. Ubongo hupunguza kasi, jina la mtu linachelewa kisha linakuja lenyewe usiku. Maradhi ni jambo jingine. Kwa mfano wa nyumbani: kusahau ulipoiweka kadi ya mgao si sawa na kuishika mkononi usijue ni ya nini. Kukosea njia ya mji mgeni si sawa na kupotea baina ya msikiti na nyumba uliyoishi miaka kumi. Ukiona ya aina ya pili, mzee apelekwe hospitali.

La pili, maradhi haya, ambayo kitaalamu huitwa dimensha, si nadra. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nayo, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Aina yake iliyo nyingi zaidi ni ile inayoitwa kwa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, aliyeieleza mwaka 1906. Hiyo haina dawa ya kuiponya.

La tatu, na hili ndilo lililonifanya nipige simu nyumbani siku ileile: yapo mambo yanayofanana na dimensha lakini yanatibika. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni kutofanya kazi sawasawa, baadhi ya dawa, maambukizo, usikivu hafifu, na huzuni kubwa ya muda mrefu. Nakivale, ni mzee gani asiye na huzuni? Aliyezika watoto wawili njiani, akaacha kaburi la mkewe ng'ambo ya mpaka, huenda asikumbuke alichoambiwa asubuhi kwa sababu moyo wake hauko hapa.

SISI VIJANA TUFANYE NINI?

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la tiba la The Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensha na ambayo yanaweza kupunguzwa. Walikadiria kuwa yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya maradhi haya yangezuilika au yangechelewa. Mengi kati yake huanza katika umri wetu au wa wazazi wetu. Nimeyachanganya na mafunzo ya dini na uzoefu wa madrasa.

1. Kudurusu kidogo kidogo, kila siku. Mtume (S.A.W.) ameifananisha Qur-an na ngamia waliofungwa: wasipoangaliwa hukatika kamba wakaenda zao, nayo hutoka haraka zaidi (Bukhari na Muslim). Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyekuwa amejipima mwenyewe, alichapisha matokeo yake kuwa sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea mapema, katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi hupungua. Kwa hiyo rudia leo jioni, kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Masahaba walikuwa wakiigawa Qur-an mafungu saba kwa siku saba. Na Jibril (A.S.) alikuwa akimdurusisha Mtume (S.A.W.) kila Ramadhani, na mwaka wa mwisho mara mbili. Kama yeye alidurusu, wewe na mimi tunangoja nini?

2. Funga kitabu ujisomee. Kusoma daftari mara tano macho yakiwa wazi kunakupa raha ya kudhani umejua. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwajaribu wanafunzi wakaona kuwa waliojipima wenyewe walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliorudia kusoma tu. Maalim alilijua hili bila ya utafiti: kila asubuhi, kabla ya somo jipya, ulisimama na kusoma la jana bila ya kutazama.

3. Lala. Ubongo huyapanga na kuyakaza uliyojifunza wakati umelala. Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Siku hizi mazungumzo baada ya Isha yamo kwenye simu, tena mpaka saa nane za usiku. Kukesha usiku wa mtihani kunakupeleka chumba cha mtihani na kichwa kizito.

4. Angalia presha na sukari. Shinikizo la damu na kisukari huharibu mishipa midogo ya ubongo taratibu, bila ya maumivu. Wapimeni wazazi wenu. Nanyi tembeeni, kutoka hosteli hadi msikitini si safari ya boda boda.

5. Linda kichwa. Jeraha la kichwa limo katika yale mambo 14. Ukipanda boda boda kwenda mjini, omba kofia ngumu, hata dereva akicheka.

6. Acha sigara na vileo, na uache mairungi. Kileo hukumu yake mnaijua. Anayetafuna mairungi ili asome usiku anaazima usingizi wa kesho, na deni hilo hulipwa siku ya mtihani.

7. Macho na masikio. Kutosikia vizuri na kutoona vizuri bila ya kutibiwa vyote vimo katika orodha. Asiyesikia hukaa pembeni, akikaa pembeni hazungumzi, asipozungumza akili hulala.

8. Usikae peke yako. Upweke nao umetajwa. Swala ya jamaa, darsa, kuwatembelea wagonjwa, kuunga udugu: haya ni ibada, na ndani yake mna afya ya akili zetu.

9. Dua na istighfari. Tumuombe Mola atuzidishie elimu kama alivyoamrishwa Mtume (S.A.W.) katika Surat Taha aya ya 114, na tumkumbuke Mola tunaposahau, kama ilivyo katika Suratul Kahf aya ya 24.

Mtaniuliza kuhusu asali na zabibu. Imam Zarnuji, katika kitabu chake cha adabu za mwanafunzi, Ta'lim al-Muta'allim, ametaja asali, mswaki, ubani na zabibu 21 asubuhi. Ametaja pia vinavyosahaulisha: maasi, huzuni za dunia na shughuli nyingi, kisha giligilani mbichi, tufaha chachu, na kusoma maandishi ya makaburini. Yale matatu ya mwanzo dini na tiba vinayaunga mkono. Yaliyobaki ni mazoea ya zama zake na hayana dalili ya kisheria, basi giligilani msiinyime mchuzi wenu.

MZEE WETU ANAPOSAHAU

Nimalizie na Maalim. Binti yake alimleta Mbarara na mimi nikawapokea kwenye stendi ya taksi. Alipimwa. Presha ilikuwa juu sana, wala hakuwa akijua. Masikio yake yalikuwa yamepungua, la kushoto zaidi. Alipewa dawa na tarehe ya kurudi. Daktari alituambia kwa upole kuwa presha ikishuka baadhi ya mambo yanaweza kutengemaa, na mengine hayatarudi. Binti akauliza, "Kwa hiyo hakurogwa?" Daktari akasema hapana. Dada yule alilia pale pale kwenye benchi, na nadhani hayakuwa machozi ya huzuni.

Kisha lilibaki suala la uimamu. Wengine walitaka kumuondoa kimyakimya. Nilikwenda kwake mwenyewe, nikakaa chini, nikamsimulia habari ya Jarir bin Hazim na watoto wake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akacheka kidogo, akasema, "Basi nificheni, wanangu. Lakini msinifungie."

Neno hilo ndilo sheria yetu sasa. Yeye mwenyewe alimteua mwanafunzi wake kuongoza swala za kisomo cha sauti, akamtangaza mbele ya watu. Yeye hukaa safu ya kwanza. Asubuhi watoto humsomea, naye huwasahihisha, kwa kuwa aliyoyahifadhi utotoni bado yapo hata anaposahau alichokula jana. Akikwama, mtoto humfungulia, naye humuombea dua. Tumeandika saa za dawa kwa herufi kubwa ukutani. Akiuliza jambo lilelile mara ya nne, hujibiwa mara ya nne kwa sauti ya mara ya kwanza; Suratul Israi aya ya 23 imetukataza hata neno dogo la kuchoka mbele ya wazazi waliofikia uzee, na mwalimu ni mzazi. Na mbele yake hatuzungumzi habari zake kana kwamba hayupo.

Usiku wa mwisho kabla ya kurudi chuoni, baada ya swala, alitaka kunisomea Mursalat, sisi wawili tu. Akafika pale pale, akasimama. Nikaisema aya iliyofuata. Akaipokea, akaendelea mpaka mwisho wa sura.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie masikio yetu, macho yetu na akili zetu muda wote tunaoishi, atukinge na umri dhaifu, awaponye wazee wetu na atujaalie kuwa ukumbusho wao wanaposahau. Amin.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA DARSA

1. Kuna tofauti gani baina ya kumhifadhia mtu heshima na kumnyamazia anapokosea? Toeni dalili.
2. Wanazuoni walipokea hadithi za Ata bin Saib kwa kutofautisha waliosikia mapema na waliosikia baadaye. Hilo linatufundisha nini kuhusu namna ya kumtazama mzee aliyebadilika?
3. Kila mmoja ataje mzee mmoja nyumbani kwao. Presha yake ilipimwa lini mara ya mwisho?